Kufunga kambi ya umma ili siku moja ifunguliwe tena

Nilihudumu miaka 11 kwenye kambi ya umma kaskazini mwa Dodoma, pembeni ya barabara ya Kondoa. Skauti wa shule za mjini walilala pale, na waendesha baiskeli wanaoshuka kutoka Cairo hadi Cape Town. Fungu letu lilipokatwa, tuliambiwa tufunge. Tukapiga kufuli, tukaondoka. Niliporudi baada ya misimu miwili ya mvua, paa la jiko lilikuwa limelala chini, koki zimeng'olewa zote, na mbuzi wa watu katumbukia chooni. Nililia. Fedha zilikosekana, ndiyo, lakini kambi ile tuliimaliza sisi kwa namna tulivyoifunga. Kwa hiyo wewe uliyepewa amri hiyo leo, fanya hivi.

Anza na moto. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, hivyo amri ikija na bajeti mpya hukukuta kiangazi, nyasi zimekauka na upepo wa Dodoma unavuma. Lima njia ya kinga moto kuizunguka kambi, upana usiopungua hatua tano, mpaka udongo mtupu uonekane. Usisafishe kwa kuchoma. Majivu ya mafigani yamwagie maji, yakoroge, kisha uyashike kwa mkono kabla ya kuyafukia.

Chooni usiharakishe. Tundu lifunike kwa mfuniko wa zege, maana ubao utaliwa na mchwa kabla ya mvua za Desemba, na anayefuata kukanyaga pale anaweza kuwa mtoto. Bomba la hewa liache wazi, wavu wake wa juu ukiwa mzima: harufu itoke, inzi wasitoke. Mlango ufungwe kwa kufuli lake lenyewe, si kwa kamba.

Tanki la plastiki usilimalize maji. Likiwa tupu upepo hulisukuma likaanguka, likapasuka. Acha robo, ufunge mfuniko kwa waya ili mbu wasizaliane. Koki zifungue zote zitoke kwenye mabomba, ziba mabomba kwa plagi, na koki uziweke kwenye ndoo moja. Meza zipandishe juu ya mawe. Kwenye miguu ya nguzo kwangua njia za udongo za mchwa, na uondoe majani yaliyojilundika.

Vifaa viandikwe kwenye leja, nakala mbili, moja abaki nayo mtendaji wa kijiji. Piga na picha.

Sasa watu, na hapa ndipo tulipokosea zaidi. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Omba kambi iwe ajenda kabla kufuli halijafungwa, na utaje gharama za mwezi bila kuficha: mlinzi, maji, sabuni. Mzee mmoja wa Kigogo alinipokea siku ile niliporudi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hamkutuambia? Mngetuachia tuchungie mbuzi humo, tungelinda." Alikuwa sahihi kabisa. Mbuzi wanaokula nyasi zile wanapunguza moto, na mchungaji anaona kila anayeingia. Mkiafikiana hivyo, muandikishane: kuchunga mchana tu, hakuna zizi, hakuna mti unaokatwa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2011 jimbo la California, Marekani, lilitangaza kufunga hifadhi 70 kati ya 278 kwa sababu ya bajeti. Nyingi ziliokoka kwa kuwa vikundi vya wenyeji na serikali za chini walijitokeza kubeba gharama kabla ya tarehe ya kufunga.

Kama kambi ni ya halmashauri, usingoje Juni Bunge likiwa linamalizia bajeti hapa Dodoma; wakati huo umeshachelewa. Kuanzia Oktoba hakikisha imo kwenye mpango wa kijiji, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ifike kwa madiwani. Diwani mpe daftari la wageni: wangapi walilala, walilipa kiasi gani. Maneno ya huruma peke yake hayaingii kwenye jedwali la bajeti.

Funguo ziwe mbili, moja kwa mwenyekiti wa kijiji, nyingine kwa mtu anayeishi jirani. Kila mwezi mmoja wao afungue, afagie, akague mchwa, aandike tarehe na alichokiona.