Kujaza tenki la vepu bila kumwaga juisi: shughulika na hewa kabla hujashika drili

Wakuu, kama una vepu, yaani sigara ya umeme, ya kujaza juisi yake mwenyewe hii unaijua, unaminya chupa, juisi inagoma kuingia inafanya povu juu ya tundu, nyingine inakimbilia kwenye kibomba cha katikati, ukija kuvuta unapigwa na tone la moto kwenye ulimi. Wengi hapo wanawaza kupanua tundu. Ngoja kwanza. Mara nyingi tundu linatosha kabisa, shida ni kwamba juisi ikiingia hewa ya ndani lazima itoke na wewe umeshaiziba kwa mdomo wa chupa, ni kama kopo la maziwa, toboa upande mmoja utatikisa mpaka uchoke, weka tundu la pili uone yanavyoteremka.

Kwa hiyo anza na kitu cha kujazia, tenki liache. Nenda duka la dawa chukua bomba la sindano la mililita 5 au 10 na sindano ya kitako cha pinki, hiyo ni geji 18, ni pana kidogo na inapitisha hata juisi nzito. Ya kijani, geji 21, inapita ila utaminya mpaka kidole kiumie, ya bluu achana nayo. Ile ncha kali ni lazima uiue, isugue kwenye tupa au msasa mpaka iwe butu, mana ikiwa kali inachana mpira wa tundu na inachana vidole vyako, alafu piga maji ya moto ndani yake kwa nguvu utoe unga wote wa chuma. Kama huna uvumilivu wa kusugua zunguka Kariakoo kwa wauza vifaa vya mafundi simu, kuna sindano butu za kuwekea flaksi (dawa ya kulehemu), au uliza wanaojaza wino wa printa, ila chukua mpya, iliyopita flaksi au wino sio ya kuvutia mapafuni hata uioshe vipi.

Kujaza kwenyewe: chomoa tenki kwenye betri, lilaze kidogo, sindano iguse ukuta wa ndani, juisi iteremke pembeni na sio katikati, acha nafasi ya hewa juu usijaze mpaka shingoni. Juisi yenye VG (gliserini ya mimea) nyingi ni nzito, hiyo ikigoma weka chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, ingawa kwa joto la Dar mwezi wa pili sidhani kama utahitaji labda unalala na AC.

Sasa kuna tenki zina kimpira kilichochanwa katikati ya tundu, hizi zinakera kweli. Sio ubahili wa kiwanda, Ulaya sheria iliyoanza kutumika 2016 inataka vifaa hivi vijazwe bila kuvuja na mtoto asiweze kuvifungua, na tenki isizidi mililita 2, na mzigo wa namna hiyo unafika mpaka huku. Sindano yako butu inapita vizuri pale kwenye mchano na hewa inatoka pembeni yake. Kukitoa hicho kimpira inawezekana, ila kama nyumbani kuna mtoto mimi nasema kiache hapo hapo.

Kutoboa ni kwa zile tenki za kizamani za bomba la plastiki na vifuniko viwili vya chuma, za kartomaiza (kibomba cha chuma chenye waya wa kupasha juisi na pamba ndani), ambazo bila tundu inabidi uvute kifuniko kizima kila ukijaza, na hapo ndo suruali inapoharibika. Toa kifuniko cha juu, kibane peke yake, weka alama katikati ya tundu la kati na ukingo, mbali na mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuzuia juisi kuvuja), mana ukiugusa huo mfereji basi umenunua uvujaji. Anza na biti ya milimita 1 kisha 2.5, mwendo mdogo. Huo ukubwa ni kwa ajili ya kukata uzi wa skrubu ya M3 (unene milimita 3), zile fupi za mafundi kompyuta, unaweka na kioringi kidogo chini ya kichwa, ukitaka kujaza unafungua skrubu unaingiza sindano. Huna tepu ya kukatia uzi? Peleka kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani wakukatie, usijaribu kulazimisha skrubu. Gundi ya supaglu isiingie humu kabisa. Makali ya tundu yalainishe, osha kwa maji ya moto na sabuni, kung'uta, osha tena, kipande cha chuma kikibaki kinaenda kwenye koili, ule waya wa kupasha juisi, na baada ya koili unajua kinaenda wapi. Tenki la kioo usitoboe, nunua lenye kufunguka juu yaishe.

Na usije ukatoboa tundu ukaliacha wazi eti la kupumulia, tenki linashika juisi kwa sababu hewa haiingii kiholela, ukiipa njia juisi yote inashuka kupitia koili mpaka kwenye betri. Jaribu kwanza na maji ukiwa umeweka kartomaiza kuukuu ya kutupa, ligeuze juu chini juu ya tishu, liache nusu saa. Tishu ikilowa rudi kwenye oringi. Hata lililofungwa vizuri ukiliacha kwenye gari juani hewa inatanuka na juisi inakuwa nyepesi, litatoa tu.

Kwa zinazofunguka juu, funga njia ya hewa ya chini kabla hujafungua kifuniko, jaza, funga kifuniko, ligeuze kichwa chini, fungua njia ya hewa, ndo uligeuze tena, hapo mgandamizo unatoka bila kuizamisha koili. Koili mpya ipe dakika 10 ilowe.

Juisi yenye nikotini ikikugusa nawa na sabuni saa hiyo hiyo, inapenya ngozi, na mtoto akiionja hata kidogo ni hospitali, usianze kumpa maziwa. Bomba la sindano likikaa na juisi ndani liandike kwa maka peni na ulifungie kabatini, lisikae na la dawa ya kikohozi.