Vitafunwa vya moto kwa siku za baridi: kutoka mbabula ya Goma hadi jiko la umeme ugenini

Goma, mvua ya Aprili ikishika, watu wanaulizana kama mandazi yameshatoka. Jioni kona za mtaa wa Birere zinajaa moshi wa makala, yaani makaa. Mama amekaa kwenye kigoda, mbabula, jiko letu la makala, mbele yake, sufuria ya mafuta juu ya moto, na wewe umejibanza chini ya mwavuli wake ukingoja zamu. Andazi unapewa kwenye karatasi, mafuta yakikupenya vidoleni. Ukilipasua, mvuke unakupiga usoni, na hapo ndipo baridi inapoanza kukutoka.

Haya nawaandikia ninyi mlioko Liège, Montréal, Oslo na kwingineko, hasa mliofika mwaka huu na mnaingia Novemba yenu ya kwanza. Mimi nilikaa Liège majira manne ya baridi kabla ya kurudi Goma. Majira ya kwanza kila nilichopika kilinigomea: mandazi yalikuwa mawe, sambusa zilipasuka, na mchuzi wa samaki ulinigombanisha na jengo zima. Nilidhani nimesahau kupika. Sikuwa nimesahau. Mapishi yetu yamezaliwa mahali pake: mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye chumba chenye joto la wastani, juu ya moto wa makala usiopoa ovyo. Ukiyapeleka ugenini, hivyo vyote vinabadilika kwa siku moja, na inabidi hesabu ya jikoni ibadilike navyo.

Tuanze na mandazi, maana ndiyo yanayowaliza wengi.

Hamira, ile leviri yetu, inapenda joto la nyuzi 24 hadi 30. Jikoni kwangu Liège mwezi wa Januari kulikuwa na nyuzi 17, na meza ya mawe ilikuwa baridi zaidi. Nilikanda unga saa moja asubuhi kama nilivyozoea, nikaufunika kwa kitambaa. Saa nne nikaufunua: ulikuwa vilevile, mgumu, umekauka juu kama kisigino. Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini alikuja, akaugusa kwa kidole kimoja, akasema, "Mwanangu, huu unga unasikia baridi kama wewe. Uvishe." Akawasha taa ya ndani ya oveni, taa tu bila moto, akaweka bakuli la maji ya moto chini na bakuli la unga juu yake, akafunga mlango. Baada ya saa moja na robo unga ulikuwa umefika ukingoni mwa bakuli.

Tangu siku ile natumia vipimo hivi. Unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 80, hamira kavu gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyosagwa, yai moja, siagi gramu 40 iliyoyeyushwa, na maziwa vuguvugu. Maziwa anza na mililita 220, kisha ongeza kidogokidogo. Hapo ndipo nchi zinapotofautiana. Unga wa kawaida wa Kanada una protini nyingi, unakunywa maji kuliko ule wa Ufaransa au Ubelgiji. Ukiwa Ufaransa chukua wenye namba T55 kwenye mfuko. Ujerumani tafuta namba 550. Ule laini wa keki uache, mandazi yake yanavunjikavunjika. Kanda dakika kumi kamili. Unga uwe laini kama ndewe la sikio, usigande mkononi.

Sasa mafuta. Makala yakishashika yanatoa moto usiokatika, ukitia mandazi kumi joto linashuka kidogo tu. Jiko la umeme la chumba cha kupanga halina nguvu hiyo. Ukijaza sufuria, mafuta yanapoa, andazi linayanywa badala ya kuiva, unaishia na kitu kizito kinachokaa tumboni hadi kesho. Nunua kipimajoto cha jikoni, hakina bei kubwa, ushikilie nyuzi 170 hadi 175. Kama huna, chovya mpini wa mwiko wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka mfululizo, mafuta yako tayari, vikiruka kwa fujo, yamezidi. Tia matano au sita tu kwa mara moja, kwenye sufuria nzito, na mafuta yasizidi nusu yake. Yakishika moto usimwage maji hata kidogo. Zima jiko, funika kwa kifuniko, uache palepale mpaka yapoe.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kila baridi ikikaza, kuna mtu anayepata wazo la kuwasha makala ndani: mishikaki kwenye baraza lililofungwa, au mbabula sebuleni kwa sababu gharama ya kupasha nyumba imepanda. Usifanye hivyo, hata ukifungua dirisha. Nyumba za ugenini zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na makala yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mtu wa Goma hahitaji somo refu. Tumekua tukiambiwa tusishuke kwenye mabonde fulani asubuhi kwa ajili ya mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala chini, inayoangusha mbuzi na mtoto bila kelele. Mazuku ni gesi nyingine, kaboni dayoksaidi, lakini tabia ya kuua bila kubisha hodi ni ileile. Kichwa kikianza kuuma na usingizi wa ajabu kukushika, huenda umechelewa kutoka. Mishikaki ya mbuzi inaiva vizuri chini ya moto wa juu wa oveni, dakika kumi hadi kumi na mbili, ukiigeuza mara mbili. Moshi hutaupata, kubali hivyo. Paka pilipili na ndimu mwishoni, ule na ndizi iliyochomwa kwenye trei hiyohiyo.

Kitafunwa ninachokipenda kuliko vyote kwa mgeni anayeingia na theluji begani ni kikombe cha maji ya maharagwe. Nyumbani hatukiiti kitafunwa, ni mchuzi tu. Lakini ukimpa mtu kikombe cha kushika kwa mikono miwili kabla hajavua koti, utaona uso wake unavyofunguka. Chemsha maharagwe, chota maji yake mazito na punje chache, tia kitunguu kilichokaangwa, karoti iliyokatwa ndogo, seleri na puaro (liki) kama tunavyopika huku, tangawizi mbichi iliyoparwa, na kijiko kimoja cha mawese. Usishangae ukikuta chupa ya mawese imeganda kama siagi kabatini. Hayajaharibika, ni baridi tu. Yaweke kwenye maji ya moto dakika tano yatarudi.

Kuna zawadi moja ya ugenini hapo. Goma, kwa sababu ya kuwa juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharagwe yetu yanakula makala mchana kutwa. Karibu na usawa wa bahari maji yanafika nyuzi 100, na maharagwe yaleyale yanaiva mapema zaidi. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, anza upya. Ila wengi mmenunua yale majiko ya umeme yanayopika polepole kwa saa nane mkiwa kazini. Maharagwe mekundu mabichi usiyatie humo moja kwa moja. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa nguvu tu, na lile jiko huenda lisifike huko. Yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida, yatokote kweli kwa nusu saa, ndipo uyahamishe. Kutapika usiku wa baridi, mbali na mama yako, si jambo la kujitakia.

Sambaza nao, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Najua ndio mnaoota. Hata sisi tunasahau kwamba samaki hawa si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo huwezi kuwaza Goma bila mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zikimetameta ziwani usiku, na soko la Kituku asubuhi wanapoteremshwa. Wabichi hutawapata ugenini, lakini samaki wadogo walioganda wapo kwenye maduka ya Waasia, dagaa wa aina mbalimbali, na Ufaransa utaona wanaoitwa éperlan. Wayeyushe, wakaushe kwa kitambaa mpaka wasiache unyevu, wapitishe kwenye unga wenye chumvi na pilipili manga, uwakaange kwa nyuzi 180 mpaka mifupa ivunjike jinoni. Ndimu juu. Bakuli moja mezani halimalizi dakika tano.

Waliokauka kutoka nyumbani ni habari nyingine. Swali ninaloulizwa kila Desemba ni hili: nini kinapita uwanja wa ndege? Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, abiria anaweza kuingiza samaki kwa matumizi yake hadi kilo 20, kwa hiyo sambaza wakavu waliofungwa vizuri wanapita. Nyama haipiti. Vitu vya maziwa havipiti, na hapo ndipo wengi wananyang'anywa jibini ya Goma, fromaji yetu ya Masisi, wakabaki wanalia mbele ya meza ya forodha. Iacheni nyumbani. Uholanzi na Ubelgiji Gouda iliyokomaa kidogo inashika nafasi yake bila aibu, kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Pilipili mbichi zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Kausha, saga, ubebe unga. Kanada, Marekani na Uingereza zina sheria zao, soma tovuti ya forodha ya nchi yako kabla shangazi hajafunga sanduku.

Ukishawapata hao wakavu, usiwakaange wakati majirani wanakula. Harufu inapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, na madirisha yamefungwa. Watandaze kwenye trei, oveni nyuzi 150, dakika nane hadi kumi, feni ya kunyonya moshi ikiwaka. Wanatoka wakavu, wanalia wakivunjwa. Toa vichwa, changanya na kitunguu kibichi, nyanya, ndimu na pilipili, weka juu ya vipande vya viazi vilivyochemshwa. Viazi vya moto kabisa, samaki baridi kidogo: jaribu, utaniambia.

Sambusa ni chakula cha kuandaliwa Jumapili na kuliwa mwezi mzima, kwa hiyo zinafaa sana maisha ya kule, ambako unarudi kazini saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia. Usijitese na kutengeneza manda. Maduka ya Wamorokani na Watunisia yana karatasi nyembamba za unga ziitwazo brick. Ya Waasia yana zile za mraba zilizogandishwa. Zikitoka kwenye pakiti zifunike kwa kitambaa kibichi, zinakauka ukizitazama tu. Nyama ya kusaga, au dengu, ikaange na kitunguu, tangawizi na pilipili mpaka sufuria iwe kavu kabisa, kisha iache ipoe kabisa. Zangu za mwaka wa kwanza zilipasuka kwa sababu nilijaza nyama ikiwa bado ya moto na ina maji: mvuke ulitafuta njia ya kutoka. Bandika midomo kwa uji mzito wa unga na maji. Zipange kwenye trei zisigusane, tia friza saa mbili, ndipo uzihamishie kwenye mfuko. Siku ya kula usiziyeyushe. Zikaange zikiwa zimeganda, mafuta yawe nyuzi 160 hivi, polepole, ili ndani ifike joto kabla nje haijaungua.

Uji wa masoso, yaani wa mahindi, soya na mtama, kwa watoto wanaotoka shule nautaja kwa neno moja tu: mahindi na mtama hata ukivisaga mwenyewe sawa, lakini soya lazima ikaangwe kavu kwanza mpaka inukie. Soya mbichi inasumbua tumbo. Na viazi vilivyopondwa, vikatiwa jibini kipande katikati, vikavingirishwa kama mpira na kukaangwa, havina asili yoyote huku kwetu ninayoijua. Nilivibuni Liège kwa hamu ya fromaji, na sasa hapa Goma watoto wa dada yangu wananidai kila Jumamosi.

Mwisho, mandazi yaliyobaki. Yakipoa kabisa, yafunge, yatie friza. Maikrowevu inayafanya yanyumbuke kama mpira baada ya dakika mbili, kwa hiyo yatie kwenye oveni nyuzi 160 yakiwa yameganda, dakika kumi na mbili, chini ya karatasi ya alumini, na dakika mbili za mwisho uiondoe ili ngozi irudi. Sahani nazo zipashe, ziweke humo oveni dakika za mwisho. Sahani ya kabati la Januari ina baridi ya kutosha kuua andazi kabla halijafika kwa mgeni.