Jinsi ya kuangalia muvi za zamani za TV, na kumfanya mtu mwingine akae aziangalie

Kuna muvi ambazo watu wengi wanazipita tu bila kujua wanapita nini, zile ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, zilitengenezwa moja kwa moja ziende kwenye televisheni, nyingi za Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 60 mpaka 80 huko. Unakutana nazo YouTube picha ina chengachenga, rangi zimefifia, sauti iko chini, unasema aah hii ya kizamani unasonga mbele. Mi naomba usisonge. Nimeziangalia kwa miaka mingi na nimeshawaambukiza watu wengi tu, wengine mwanzo hawakutaka hata kusikia, kwahiyo naandika hapa navyofanya mimi ili na wewe ujaribu.

Cha kwanza elewa zilitengenezwaje, maana ukishaelewa hicho utamu wake unajileta wenyewe. Hizi muvi zilianza kuonekana Marekani 1964 na stesheni ya NBC, alafu 1969 ABC wakaja na kipindi chao cha Movie of the Week, kila wiki muvi mpya, wakaenda nacho mpaka 1975. Kipindi kilikuwa cha dakika 90 lakini humo humo ndani kuna matangazo, ukiyatoa muvi yenyewe inabaki dakika 73 au 74 hivi. Hela ni kidogo na siku za kupiga picha ni chache, wiki mbili na umemaliza. Sasa mwongozaji ukimpa dakika 74, wiki mbili na hela ya mawazo atafanya nini? Anachukua watu wachache, sehemu moja, na tatizo moja tu, alafu analikamua hilo tatizo mpaka tone la mwisho. Ndo maana zile nzuri hazina porojo. Na kumbuka mtazamaji yuko nyumbani kwake, hajalipa tiketi, akichoka anabadili stesheni, kwahiyo lazima umkamate dakika za mwanzo kabisa na umkamate tena kabla ya kila tangazo.

Hapo kwenye tangazo ndo pana siri ambayo watu wengi wanaikosa. Ukiwa unaangalia utaona kila baada ya dakika kumi na kitu kuna jambo linatokea, mtu anafungua mlango, simu inaita, sura inageuka, alafu skrini inaingia giza na tukio jingine linaanza. Kwa mtu wa saivi inaonekana kama muvi imekatwa vibaya. Haijakatwa, pale palikuwa na matangazo. Mi huwa nafanya hivi, skrini ikiingia giza nagandisha dakika mbili, namimina chai, tunabishana kidogo nani muongo na nani atakufa, alafu tunaendelea. Jaribu hivo siku moja, utaona muvi inakaa vizuri kabisa, maana yule aliyeandika alipanga uwe na hizo dakika mbili za kuwaza. Ukiiangalia mfululizo kama muvi ya sinema unaionea.

Isipokuwa moja. The Day After, ABC waliirusha tarehe 20 Novemba 1983, inahusu vita vya nyuklia na watu wa kawaida wa huko Kansas, mji wa Lawrence na maeneo ya karibu. Watu kama milioni 100 waliiangalia usiku ule. Na baada ya mabomu kudondoka stesheni haikuweka tangazo hata moja mpaka mwisho. Kwahiyo na wewe mabomu yakishadondoka usigandishe, usiende kumimina chai, kaa hapo hapo kama walivyokaa wao. Rais Reagan mwenyewe aliiona mapema akaandika kwenye shajara yake kwamba imemkosesha raha kabisa. Waingereza nao mwaka uliofuata 1984 BBC wakatoa ya kwao inaitwa Threads, inatokea mji wa Sheffield, hiyo ni kali zaidi tena sana, simpi mtu ambaye ana mambo yake yanamsumbua kichwani.

Cha pili ni picha yenyewe. Televisheni za wakati ule zilikuwa karibu na mraba, sio pana kama hizi za ukutani, kwahiyo ingia kwenye setingi za TV yako weka 4:3, zile kingo nyeusi mbili za pembeni ziache zilivyo. Ukiivuta ijae skrini nzima watu wanakuwa wanene na gari zinakuwa kama zimekaliwa na tembo, na watu wanaofanya hivo ndo hao hao wanasema muvi za zamani mbaya. Zima taa pia, kopi nyingi zilirekodiwa kutoka kwenye kanda za VHS na ziko giza, ukiwa na taa ya sebuleni inawaka huoni chochote. Na kama bando lako dogo usihangaike na ubora wa juu, kopi yenyewe haina huo ubora, chini tu panatosha.

Alafu angalia mwaka na angalia muda kabla hujabonyeza. Hili nasisitiza kwasababu watu wanaangalia kitu kingine kabisa alafu wanakuja kusema mbona sijaona ulichosema. Brian's Song iko ya 1971 na iko ya 2001, unayoitaka ni ya 1971. Don't Be Afraid of the Dark ya TV ni ya 1973, ile ya 2010 ni ya sinema na ni kitu tofauti. Salem's Lot ya 1979 ilirushwa kwa siku mbili, jumla inafika kama masaa matatu, lakini nchi nyingine ilikatwa ikapelekwa sinema ikabaki chini ya masaa mawili, na ukiipata hiyo fupi umepunjwa, kile kijiji cha kwenye stori hukijui vizuri na kama hukijui huwezi kukiogopea.

Duel yenyewe ni kinyume chake, na hapa nakaa kidogo maana hii ndo muvi ninayoanzia na kila mtu. Ilirushwa tarehe 13 Novemba 1971, mwongozaji ni Steven Spielberg akiwa na miaka 24 tu, hajawa mtu yeyote bado, na kaipiga kwa siku kama 13. Mwandishi wake Richard Matheson lilimtokea kweli, siku ile ile aliyouawa Rais Kennedy wa Marekani 1963 yuko njiani anarudi nyumbani lori likaanza kumfuata kwa nyuma kwa fujo, akakaa na hiyo stori miaka. Kwenye muvi ni mtu mmoja wa mauzo yuko kwenye gari yake ndogo nyekundu, Plymouth Valiant, anakatiza barabara za jangwani California, anapita lori la mafuta limechakaa, basi, lile lori linakataa kupitwa. Hiyo tu. Dereva wa lori humuoni uso mwanzo mpaka mwisho, unaona mkono dirishani na buti. Kuna sehemu ule mkono unampungia apite, we kama umewahi kupanda basi la mkoani unajua ile ishara ya dereva wa lori kwamba pita njia nyeupe, na unaiamini kwa roho yako yote, sasa angalia humu ishara ile inafanyiwa nini. Watu wa kwetu wanaielewa hii muvi kuliko mtu yeyote, hamna haja ya kuwatafsiria.

Ile ya TV ni dakika 74. Baadaye walitaka kuiuza sinema za Ulaya wakaona fupi, Spielberg akaenda kuongeza vipande mpaka ikafika dakika 90, akaongeza simu ya kumpigia mke, basi la wanafunzi, na pale kwenye reli. Saivi ukiitafuta unayoipata kirahisi ni hiyo ya 90. Sio mbaya, kipande cha reli ni kizuri mno, lakini ile simu ya mke mi naona inapunguza makali, mwanzo mtu yuko peke yake na lori kabisa alafu ghafla tunaambiwa habari za nyumbani kwake. Ukibahatika kuipata ya 74 anza na hiyo.

Sasa namna ya kumpa mtu mwingine. Kosa kubwa ni kumtumia mtu orodha. Ukimtumia mtu majina kumi hataangalia hata moja, atakujibu "poa nitacheki" na imeisha hiyo. Mpe moja. Na usimpe kwa kumwambia ni ya kihistoria, sijui ilipata tuzo, sijui ni ya mwongozaji fulani, mtu hajali hayo usiku wa saa tatu akiwa kachoka. Mwambie tatizo kwa sentensi moja. "Jamaa kapita lori, lori limekasirika." "Dada kanunua kinyago cha muwindaji, cheni yake imedondoka na kinyago kimeamka, yuko nacho peke yake ndani ya nyumba." Hii ya pili ni stori ya tatu ya Trilogy of Terror ya 1975, Karen Black anaigiza kwenye stori zote tatu, na kusema ukweli unaweza kuziruka mbili za mwanzo ukaenda moja kwa moja kwenye kinyago, mi nawaambia watu hivo na hakuna aliyenilalamikia. Alafu ongeza muda, "ni saa moja na robo tu", hilo neno lina nguvu kuliko sifa zote. Na umwambie mapema kwamba picha sio safi ili asishtuke.

Angalia pia unampa nani. Mtu wa mpira mpe Brian's Song, ni stori ya kweli ya Gale Sayers na Brian Piccolo, mmoja mweusi mmoja mweupe, wanagombea namba ile ile kwenye timu ya Chicago Bears na wanapangiwa chumba kimoja cha kulala kipindi ambacho jambo hilo halikuwa la kawaida Marekani. Mpira ni ule wao wa kushika mkononi, sheria zake huhitaji kuzijua hata moja. Mwanzoni kabisa wanakwambia kuna mmoja atakufa, na bado ukifika mwisho unalia, nimeona wanaume wazima wanatoka nje eti kupokea simu. Mtu anayependa tamthilia ya X-Files mpe The Night Stalker ya 1972, mwandishi wa habari wa Las Vegas anafuatilia wanawake wanaouawa na damu yao haipo, yeye peke yake ndo anaamini anachokiona, na aliyetengeneza X-Files mwenyewe amesema alianzia hapo. Na kwa mama au bibi, The Autobiography of Miss Jane Pittman ya 1974, Cicely Tyson anaigiza mwanamke mmoja kutoka ujana mpaka miaka 110, aliyezaliwa utumwani. Ilibeba tuzo 9 za Emmy, zile tuzo za TV za Marekani. Mwishoni kuna safari ya miguu ya hatua chache tu, sisemi anaelekea wapi, ila zima simu zote wakati huo.

Kwa wazee wetu mi nina moja maalum. Uvamizi wa Entebe, pale makomando wa Israeli walipoenda kuokoa mateka uwanja wa ndege wa Uganda, ulikuwa Julai 1976, na kabla mwaka haujafika zilishatoka muvi mbili za TV Marekani, Victory at Entebbe Disemba 1976 na Raid on Entebbe Januari 1977, Idi Amin mwenyewe bado yuko Ikulu Kampala. Ya kwanza waliiharakisha, mastaa wamejaa, Elizabeth Taylor, Kirk Douglas, Burt Lancaster, lakini imerekodiwa kwa kanda ya video ndani ya studio na inaonekana kama maigizo ya jukwaani, siipendekezi. Mpe mzee ya pili. Yaphet Kotto anamcheza Amin, na anamcheza kama mtu, anacheka, anajipendekeza kwa mateka, alafu unaogopa zaidi.

Niliiweka kwa baba mdogo ambaye alikuwa vitani Kagera. Sikumwambia muvi, wazee wanasema picha, nikamwambia "Baba mdogo, kuna picha ya Entebe hapa, ya Amin." Akasogeza kiti. Nilikuwa nimepanga kugandisha kwenye zile sehemu za matangazo kama kawaida yangu ila alinigandishia yeye kila saa, hapa sivyo, hapa ndivyo, na zile ndege zilipotua Nairobi kujaza mafuta akaanza kuelezea ilivyopokelewa redioni siku ile, tukakaa mpaka saa saba usiku kwa muvi moja tu. Stori za vita ambazo hajawahi kutuambia akazitoa pale. Kwahiyo ukimuwekea mzee, rimoti mpe yeye, na usimharakishe arudi kwenye muvi.