Binti akishikwa na tumbo ghafla: usisahau ovari

Wiki jana nilikesha na binti ya dada yangu, ana miaka 12, tumbo lilimshika upande wa kulia saa mbili usiku. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji hapa Nairobi na bado tulipoteza masaa, ndio naandika hii.

Hatua 1: Uliza maumivu yalianza vipi
Ya kidole tumbo mara nyingi huanzia kitovuni pole pole halafu yanashuka kulia. Ovari, kile kiungo cha mayai ya uzazi, ikijisokota kwenye mishipa yake hushika tu ghafla, upande mmoja, na kutapika juu yake. Yanaweza achilia kisha yarudi, kwa hivyo akisema amepata nafuu usirudi kulala. Na usiseme huyu ni mtoto hajaanza piriodi, ovari inajisokota hata kabla ya kubalehe.

Hatua 2: Toka
Si kemisti. Hospitali yenye skani na thieta. Chakula asipewe.

Hatua 3: Kipimo cha mimba
Kila aliyebalehe, bila ugomvi. Mama toka nje kidogo binti aongee na nesi peke yake, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaua.

Hatua 4: Skani
Hapa ndipo tuliumia. Msichana hupigwa skani juu ya tumbo, na ili ovari ionekane kibofu lazima kijae, sasa tukaambiwa anywe maji lita moja, anakunywa anatapika, anakunywa anatapika, saa saba usiku bado kibofu ni tupu na mtoto amejikunja kwa benchi. Anayetapika na huenda akaingia thieta hafai kunyweshwa maji! Omba awekwe dripu, au kibofu kijazwe kwa mpira wa mkojo, na wakati huo huo daktari wa upasuaji awe ameshaitwa. Hata nikiwa kazini mimi huita kwanza, skani itatukuta. Alipowekwa dripu ndio picha ikatoka, ovari ya kulia imevimba kushinda ya kushoto mara kadhaa, lakini ripoti ikasema damu inapita na wakataka kuturudisha nyumbani. Tafadhali shika hii: damu kuonekana kwa Dopla, ile skani ya kuangalia damu ikipita, haimaanishi ovari haijasokotwa, kwa sababu inalishwa na mishipa miwili, ule wake na tawi la ule wa mfuko wa uzazi. Ovari iliyovimba, maumivu makali, kutapika, hiyo inatosha daktari wa upasuaji aje amuone. Nilikataa kuondoka.

Kama ni uvimbe wa damu tu kwenye ovari bila kusokotwa, wengi hupona kwa dawa ya maumivu, skani inarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8.

Hatua 5: Kabla ya kusaini
Uliza waziwazi: mtaisokotoa au mtaitoa? Ovari nyeusi ti kama zambarau mara nyingi hurudi ikisokotolewa, hata isipobadilika rangi hapo hapo. Mimi napendelea upasuaji wa kamera, wa matundu madogo, kuliko kupasua tumbo, ila kama kamera haipo usiku huo usingoje asubuhi. Yake waliisokotoa saa kumi na moja alfajiri, wakaiacha ndani.