Daftari la jioni: namna ya kutua mzigo wa kichwani ukiwa kiongozi

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata mkoani Tanga, yenye wanafunzi wa kutwa na bweni la wasichana. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukatizwa. Nikiwa nasaini hati ya malipo, mwalimu wa zamu anabisha hodi. Sijamaliza naye, mzazi yuko mlangoni. Mzazi hajakaa vizuri, simu ya halmashauri inaita, wanataka takwimu za madawati kabla ya saa nane. Mganga mfawidhi wa zahanati, mwenyekiti wa SACCOS, meneja wa tawi na mchungaji wa usharika wanajua ninachosema. Kinachotuchosha si wingi wa kazi peke yake. Kila jambo lililokatizwa katikati linabaki kichwani likidai zamu yake, hata saa sita za usiku.

Nafuu niliyoipata ni daftari. Naliandika kila jioni ya siku ya kazi, na ninaamini kwa dhati kwamba bila hilo ningekuwa mkuu mkali zaidi na asiyesikiliza vizuri. Hapa naeleza ninavyofanya, ili nawe ulipime kwa kazi yako.

Kwanza, sababu. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko zile walizomaliza. Mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazoezi haya yote: si lazima umalize kazi ndipo akili ikuachie. Ukiipangia hatua mahususi, usumbufu wake unapungua. Ndiyo maana kuandika malalamiko kurasa kumi hakunisaidii, ila kuandika na kupanga kunanisaidia.

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, yenye jalada gumu, na kalamu ya kawaida. Usitumie simu. Ndani ya simu kuna kundi la wakuu wa shule, kundi la walimu, kundi la bodi na kundi la wazazi wa Kidato cha Nne. Ukiifungua uandike, utajikuta unajibu. Wala usichanganye daftari hili na kitabu cha kumbukumbu za shule. Kile ni mali ya ofisi na wathibiti ubora wanakisoma, kama inavyotakiwa. Hili ni lako. Linakaa kwenye droo yenye kufuli au nyumbani, na majina ya watu humo ni herufi tu. Mwanafunzi akikueleza yanayotokea kwao, amekuamini wewe. Hajamwamini kila atakayepita mezani pako.

Mimi huandika saa kumi na nusu jioni, wanafunzi wakiwa kwenye michezo au usafi. Nafunga mlango, namwomba katibu muhtasi anipe dakika kumi na tano, na simu naiweka mbali. Kama ofisi yako haifungiki, kaa ndani ya gari kabla ya kuliwasha, au ingia maktaba. Muhimu ni iwe kabla hujafika nyumbani. Watoto na mwenzi wako hawastahili kupokea mabaki ya kikao cha bodi.

Sasa mwaga. Andika tarehe, kisha kila kitu kilichomo kichwani kwa mpangilio kinavyojileta, kikubwa na kidogo, cha kazi na cha nyumbani. Usisahihishe sentensi, usipange. Hii ni sehemu ya ukurasa wangu mmoja, herufi nikiwa nimezibadilisha:

"Jumanne. Maharage ya mzabuni yana wadudu, gunia la pili sasa. Mwl. F anataka uhamisho, na mtihani ni Novemba. Valvu ya tenki bado inavuja. Ripoti ya robo. Matroni anasema bweni halina taa upande wa choo. R wa Tatu B amelala tena darasani. Mzee wa bodi na maneno yake mbele ya walimu. Sijampigia mama. Mgongo unauma. Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani."

Hapo kuna mambo kumi. Mtafiti Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Mwenye kumi atazunguka navyo siku nzima, akishika hiki akiangusha kile, na jioni ataona amefanya kazi nyingi bila kumaliza hata moja. Ukishaviona vyote kwenye karatasi, unaweza kuvishughulikia kimoja kimoja.

Baada ya kumwaga, pitia ukurasa na uweke alama pembeni mwa kila jambo. Mimi natumia tatu.

Mshale ni jambo langu lenye hatua. Mbele yake naandika nitafanya nini, lini, na nani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. "Kushughulikia valvu" si hatua, na ukiliandika hivyo litarudi kichwani usiku uleule. Hatua ni hii: "Kesho saa mbili, kabla ya kuingia darasani, nimpigie fundi, aseme bei ya valvu na siku ya kuja." Vivyo hivyo maharage: "Kesho saa moja na nusu, mtunza stoo apige picha gunia, lisipikwe, barua kwa mzabuni isainiwe kabla ya chai." Ukisoma hatua na bado hujui mkono wako utashika nini kwanza, iandike upya.

Herufi ni jambo la mtu mwingine. Taa za bweni ni za makamu wangu, kwa hiyo naweka M. Kijana R aliyelala darasani naweka herufi ya mwalimu wake wa darasa, na swali moja: anatoka nyumbani saa ngapi, na amekula nini? Mwanafunzi wa kutwa anayetembea kilomita nyingi akiwa na njaa si suala la nidhamu, na mwalimu wa darasa atalijua hilo mapema kuliko mimi. Lakini jambo lenye herufi halijatoka kichwani mwako mpaka mwenyewe ajue kuwa ni lake. Kabla sijatoka ofisini namwambia, au natuma ujumbe mfupi wenye jambo lenyewe na siku ninayotarajia majibu. Viongozi wengi tumejaa mizigo ambayo tumeshaigawa mioyoni mwetu, ila aliyegawiwa hana habari.

Duara ni kinachouma. Hakina hatua ya wazi, na ukikilazimisha kuwa na hatua utajidanganya. Kwenye ukurasa ule niliweka maduara mawili: Mwl. F, na yule mzee wa bodi.

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, kwa hiyo usipakimbie. Chagua duara moja tu kwa jioni moja, fungua ukurasa mpya, jibu maswali matatu kwa maandishi. Nimeona na kusikia nini hasa? Ninaogopa nini? Kilicho mikononi mwangu ni kipi?

Swali la kwanza ni gumu kuliko linavyoonekana. Nilipoanza kuandika habari ya Mwl. F, sentensi ya kwanza ilikuwa "F anatukimbia." Nikajiuliza: nimeliona hilo? Hapana. Nilichoona ni barua ya maombi ya uhamisho, na nilichosikia ni kwamba mke wake anafanya kazi Dodoma na wana mtoto mchanga. Nikaifuta ile sentensi nikaandika hizo mbili. Swali la pili likajibika lenyewe: ninaogopa Kidato cha Nne kuingia chumba cha mtihani bila kumaliza mada za Fizikia, na mimi ndiye nitakayeulizwa matokeo yakitoka. Kumbe hasira yangu haikuwa juu ya kijana wa watu anayetaka kuishi na familia yake. Swali la tatu likanipa mishale mitatu: nikae naye Alhamisi nikianza kwa kumpa hongera ya mtoto, tupange pamoja mada za kufundisha Jumamosi kabla hajaondoka, nimwandikie Afisa Elimu Sekondari mapema kuhusu pengo linalokuja. Kama ningeingia kwenye mazungumzo yale na sentensi yangu ya kwanza, ningempoteza mwalimu siku hiyohiyo, hata kama mwili wake ungebaki ofisini.

Kwa mtu aliyekuudhi, kama yule mzee wa bodi, kuna njia nyingine: mwandikie barua ambayo hutaituma. Mpe yote, bila kupunguza. Julai 1863, baada ya pambano la Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, rais Abraham Lincoln alimwandikia Jenerali Meade, aliyeongoza jeshi lake pale, barua ya masikitiko makubwa kwa kuliacha jeshi la adui litoroke. Hakuisaini wala hakuituma. Ilikutwa kwenye karatasi zake. Siku hizi hatari ni kubwa zaidi, maana kidole kimoja kinatosha kupeleka hasira yako kwa watu mia kwenye kundi. Iandike kwenye karatasi, ilale. Kesho utakuta humo sentensi moja au mbili zinazofaa kusemwa ana kwa ana, kwa heshima, tena faragha. Mzee ni mzee. Ukimjibu mbele ya walimu utakuwa umeshinda neno na kupoteza bodi.

Ukiandika ya maumivu, usishangae ukijisikia vibaya zaidi kwa muda mfupi. James Pennebaker na Sandra Beall waliliona hilo katika utafiti wao wa mwaka 1986: wanafunzi walioandika kwa dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo mazito ya maisha yao walitoka wakiwa na huzuni, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Lakini ukiona majuma yanapita hulali, huli, au unaandika kwamba maisha hayana maana, funga daftari uende kwa daktari au mshauri nasaha. Hilo limevuka uwezo wa kalamu.

Usiku, kabla ya kulala, sirudii haya yote. Naandika tu orodha fupi ya mambo ya kesho kwenye kipande cha karatasi. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 57: walioandika kwa dakika tano mambo watakayofanya siku zijazo walipata usingizi mapema, kwa wastani wa dakika tisa hivi, kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Na orodha ilivyokuwa na mambo mengi na bayana zaidi, ndivyo walivyolala haraka zaidi.

Ijumaa soma kurasa za juma zima. Usitafute uandishi mzuri, tafuta kinachojirudia. Jambo lililoandikwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa linakuambia moja kati ya mawili: hatua yake haikuwa hatua, au si lako na hujamkabidhi mwenyewe. Mwisho wa juma ndio wakati wa kuligeuza. Hapo pia utaona majina ambayo hayatokei kabisa. Mimi hutazama hasa walimu wapole, wanaofanya kazi vizuri na hawaombi kitu. Juma likipita bila herufi yao hata moja, Jumatatu naanzia kwao, nawasalimia darasani kwao na kuuliza hali.

Daftari likijaa, nakili kwa mkono mishale ambayo haijafanyika. Ukiona uvivu kunakili jambo fulani, jiulize kama bado lina umuhimu. Kisha chana kurasa zenye siri za watu uzichome. Na siku ulizokosa kuandika, kwa semina, msiba au mitihani, usirudi nyuma kuzijaza. Andika tarehe ya leo uendelee.