Imarisha kinga ya sato kabla ya msimu wa korosho

Kwa mfugaji wa samaki wa Mtwara na Lindi, hakuna mwezi mgumu kama Oktoba. Mvua zilikatika zamani, bwawa limeshuka, jua linachoma, na mwenye bwawa yuko mkorosheni tangu alfajiri. Maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi, na sato walewale wa Mei sasa wamebanana kwenye maji nusu. Hapo ndipo vidonda huonekana ubavuni, mapezi yakachakaa, wengine wakatoka macho. Watu hukimbilia dawa. Lakini samaki aliyekwisha kuugua hali chakula, na asiyekula humpi chochote kupitia chakula. Kazi ya kuimarisha kinga ni ya mwisho wa Agosti.

Kabla ya kununua nyongeza yoyote ya kutia kwenye chakula, fungua gunia la chakula ulionuse. Pumba na mashudu ya karanga yakishika unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu inayoharibu ini la samaki na kushusha kinga yake. Kuanika hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Mwaga. Ukimpa vitamini samaki anayelishwa pumba zenye ukungu, unatwanga maji kwenye kinu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mashudu ya ufuta tunayo kwetu, na ni chakula kizuri, ila yasibebe mzigo wote: yana lisini kidogo, yaani kimojawapo cha viungo vya protini, tena yana kitu kinachofunga madini kama zinki, ambayo samaki anaihitaji ili vidonda vipone. Changanya na dagaa au soya.

Sasa nyongeza zenyewe. Ya kwanza kwangu ni vitamini C, kwa sababu sato hawezi kujitengenezea mwilini. Akiikosa muda mrefu, uti wa mgongo hupinda na vidonda havifungi. Tatizo lake ni kuharibika upesi kwa joto, hewa na maji. Chakula cha dukani kilichokaa stoo ya bati miezi mitano huenda kimebaki na jina tu kwenye mfuko, kwa hiyo soma tarehe. Ukipata ya unga, nusu gramu kwa kilo ya chakula inatosha kipindi cha shida. Itie mwishoni, chakula kikishapoa, usiipike pamoja na uji wa kugandishia.

Hamira ya mandazi nayo inasaidia. Ganda la chembe zake linafanana na la kuvu, hivyo mwili wa samaki hudhani umevamiwa, askari wake wakaamka. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinatosha kilo mbili za chakula. Usilishe mwaka mzima. Wiki nne zinatosha, kisha pumzisha. Askari anayepigiwa king'ora kila siku mwishowe hashtuki.

Kitunguu saumu kiponde, gramu 20 kwa kilo, ukiache dakika kumi kabla ya kuchanganya. Ile nguvu yake yenye harufu huzaliwa baada ya kupondwa, na moto huiua. Ongeza maji kidogo na kijiko cha mafuta ya kula ili kishike kwenye chembe za chakula, anika kivulini, lisha ndani ya siku mbili. Harufu hiyo haibaki bwawani ukilisha kiasi wanachomaliza.

Mlonge watu wanausifia kupita kiasi. Majani yake yana protini, lakini pia yana uchungu na povu linalozuia usagaji wa chakula tumboni. Yaanike kivulini, yatwange, na usizidishe gramu 50 kwa kilo.

Dawa za vidonge za binadamu zisiguse bwawa. Vidonda vikishaonekana, punguza chakula, ongeza maji safi kama unayo, toa waliokufa ukawafukie, halafu mwite afisa uvuvi wa wilaya.

Wenye kambale nao wafanye hivyohivyo. Na kama unapanga kuvua kwa kokoro au kuhamishia vifaranga bwawa jingine, anza vitamini C wiki moja kabla. Siku ya kuhamisha usilishe kabisa, na ufanye kazi asubuhi, kabla maji hayajapata moto.