Kununua nyumba ya zamani Dodoma: hiyo rangi mpya ikupe wasiwasi

Mbukwenyi ndugu zangu mlioko nje. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Mwaka juzi nilinunua nyumba Chang'ombe nikiwa huku Leicester, Uingereza, vyumba viwili na sebule, choo cha nje, tofali za kuchoma. Nikajisemea hapa ndo pa kuanzia, maana kujenga ukiwa mbali ni kuliwa hela mpaka renta haijafungwa. Wazo lenyewe sijalijutia, nyumba ya mjini ina maji, ina umeme na mpangaji anaingia mwezi huohuo. Ninachojutia ni rangi.

Mtoto wa mjomba alinitumia video mwezi wa tisa. Nyumba inang'aa, juu krimu, chini rangi ya mafuta ya kahawia mpaka usawa wa kiuno, "bro wamepiga rangi juzi tu, hapa hutumii hata mia". Na mimi nikafurahi! Sikujiuliza mtu anayeuza kwa shida ya haraka hela ya rangi kaitoa wapi. Mwezi wa pili mpangaji ananitumia picha, ile kahawia imevimba kama andazi, ukigusa unamwagika unga mweupe, na pembeni ya kitanda kuna kichuguu cha mchanga uliotoka ukutani. Chumvi hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba unyevu naujua. Miaka sita nimepanga nyumba hapa Leicester yenye ukuta unaotoka jasho, nikimlalamikia mwenye nyumba ananiambia nifungue dirisha, mwezi wa kwanza, baridi ile! Hawa watu wanagombania nyumba za enzi za Malkia Victoria kama mpira wa kona, ila wapo wasiotoa hela bila kumlipa mkaguzi aje na kile kidude cha kupima unyevu, hata muuzaji awe rafiki. Wabishi, wabahili, lakini kwa hilo nawavulia kofia. Sisi mkaguzi wetu ni undugu. Halafu nilidhani unyevu ni ugonjwa wa Ulaya, Dodoma mvua milimita 570 hivi kwa mwaka, utoke wapi?

Unatoka chini. Udongo wetu una chumvi, aliyekunywa maji ya kisima cha kwetu anajua, na nyumba nyingi za zamani hazina nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi, au inayo lakini mtu kaja kumwaga kifusi na pevingi nje mpaka uwanja umepita sakafu ya ndani. Ukuta unafyonza maji, maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye tofali inasukuma lipu. Rangi ya mafuta haiitibu, inaifungia tu, nayo inapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nasema tena, ukiona rangi mpya chini na ya zamani juu, shtuka.

Mtu wako aende na sarafu ya mia mbili, agonge lipu kuanzia sakafuni mpaka kifuani, ikilia tupu kama debe ujue imeshaachana na tofali. Aangalie nyuma ya kabati na nyuma ya mlango, huko mpaka rangi huwa anaona uvivu. Afunue kona ya zulia la plastiki. Atoke nje aone kama uwanja uko chini ya sakafu, aone bomba la maji la DUWASA halivuji jirani na ukuta wa bafu. Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, ukiingia kidole, hapo lipa fundi asiyejuana na dalali. Na nyumba ikaguliwe mvua zikiwepo, mwezi wa pili au wa tatu. Msinunue kwa video ya mwezi wa tisa jamani. Msinunue.

Na nyie ndugu zetu wa nyumbani, hatusemi mmekula, wengine hamjala hata soda ya dalali, ila "nyumba kali bro" siyo ripoti. Semeni mlichoona, na ambako hamkuangalia semeni hamkuangalia.

Makaratasi mnayajua: upekuzi wa hati ardhi, mke wa muuzaji asaini, deni la pango la ardhi na la kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Kwa Dodoma ongezeni moja, hati za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja, zilikuwa za miaka 33, CDA yenyewe ilivunjwa 2017, kwa hiyo hati ya 1988 ambayo haijahuishwa imeshakwisha. Kama umebadili uraia usiandike jina la kaka kwenye hati kabla hujaonana na wakili.

Mimi sasa lipu imebanduliwa kupita pale chumvi ilipofika, kifusi cha nje kimechimbwa, mafundi wanakata ukuta kipande kwa kipande kupitisha nailoni, na fundi kaniambia ukuta ukae wazi miezi ukauke kwanza. Mpangaji kahama, kodi hakuna.

Juzi mtoto wa mjomba kanitumia nyingine, Makole, video dakika nne. Nikamwambia rudi, sogeza kabati uweke kiganja ukutani. Kakaa kimya weee, halafu akajibu, "bro, kabati lao zito."